Nilivyomjibu Mwenyekiti wa Baraza

Waliokuwepo siku ile ni hawa: mwenyekiti wa baraza la usuluhishi, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, wajumbe wake wawili, mmoja mshona kanzu, wa pili bibi mkunga aliyetupokea sote tulipozaliwa, shemeji yangu, ambaye ni mchuuzi wa nazi wa Mapinga, mama yake shemeji, dada yangu, na mimi.

Baba na mama walikwisha kufa, wamefuatana ndani ya mwaka mmoja. Niliacha shule darasa la sita, nikaenda kukokota chumvi ili wadogo zangu wanne wale. Dada huyu ndiye aliyenifuata kuzaliwa. Nilimwozesha mwenyewe, mimi ndiye walii wake, mkono wangu ndani ya mkono wa shemeji.

Mwaka wa pili wa ndoa alirudi kwetu Bagamoyo kwa miguu, furushi kichwani, akipumua kwa shida. Bibi mkunga alimkanda mbavu wiki nzima. Sheria mpya ya ndoa ilitaka wapite kwanza barazani. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, ndipo mahakama isikilize habari ya talaka. Dada aliitaka hati hiyo.

Asubuhi, njiani, aliniambia, "Kaka, watakuuliza. Sema tu kwamba sirudi, utakaa nami. Basi."

"Nitasema."

Mama mkwe ndiye aliyeanza. "Mwanangu kamgusa tu. Huyu ulimi wake pilipili kichaa!"

"Kamgusa kwa kitu gani, kwa mchi?" akauliza bibi mkunga.

Mshona kanzu akaona apoze mambo. "Mie ndoa zangu tatu nimezisuluhisha mwenyewe. Ya nne ikanileta hapa kushtakiwa, wakaniona mzoefu, wakanipa kiti."

Watu wakacheka, hata shemeji. Dada hakucheka.

"Nimekosa, wazee wangu," shemeji akasema, macho mkekani. "Sirudii tena."

Mwenyekiti akanigeukia. Ndiye aliyenifundisha alifu na bee. "Nawe mwanangu, wewe ndiye baba yake hapa. Unasemaje?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lakini kwetu mdogo akiulizwa na wazee hujishusha kwanza; huulizwa tena, ndipo atoe lililo moyoni. Nikasema, "Wazee wangu, rai yenu ndiyo rai yangu." Nikangoja kuulizwa mara ya pili.

Sikuulizwa.

"Alhamdulillahi," mwenyekiti akasema, akafunga daftari. "Kijana ana adabu. Wamepatana, mke arudi kwake. Tusome fatiha."

Viganja vikafunguliwa. Bibi mkunga alinitazama kwa muda mrefu, kisha naye akainua mikono yake. Bado kulikuwa na nafasi ya kusema. Nikainua mikono yangu, nikaitikia amin.

Miaka mingi nimejiambia kwamba ilikuwa adabu. Lakini asubuhi ile, kabla hatujatoka, nilikuwa nimefunua debe la unga, nikapima kwa macho: kwa vinywa vinne ungefika mwisho wa mwezi, kwa vitano usingefika. Hilo sikumwambia mtu.

Furushi lake alikuwa ameliacha nyumbani, maana aliniamini. Mimi ndiye niliyetumwa kulifuata. Nilipomkabidhi alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, kaka," akamfuata mama mkwe wake barabarani.

Alikaa na yule bwana mpaka akamzika. Mapinga naenda kila Idi. Hunitolea kigoda, huninawisha mikono, huniuliza hali ya watoto. La baraza halitaji. Kila safari huwa nimelipanga neno langu tangu nyumbani: kwamba siku ile nilipaswa kumchukua, na sikumchukua. Tunakula, tunasifu samaki, jua linashuka, naaga. Ananisindikiza mpaka barabarani, mkono mmoja ubavuni kama alivyozoea, nami narudi Bagamoyo na deni lake vilevile.