Siku Lango Lilipofungwa

Mdogo wangu Nyokabi alikuwa mchumaji hodari wa kahawa. Asubuhi ile, katika shamba la mzungu karibu na Ruiru, aliniacha nyuma kama kawaida huku akinicheka. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau. Serikali ilikuwa imetuhamishia kijiji kipya huko Gitothua, kilichozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa, na hakuna aliyetoka bila ruhusa ya homugadi, walinzi wenyeji waliopewa bunduki na serikali.

Adhuhuri akaniambia tumbo linamsokota kitovuni. Hakutaka chakula. Kesho yake maumivu yalikuwa yamehamia chini, upande wa kulia, naye akitembea amejikunja. Alitapika. Mwili ulikuwa moto. Mama alitaka kumpa mafuta ya mbarika amsafishe tumbo.

Mzee Gathogo, dresa aliyetibu wafanyakazi wa shamba, akamkataza. Alibonyeza upande ule polepole, kisha akaachilia ghafla, Nyokabi akalia. Alituambia ni kidole tumbo kimevimba, na dawa yake ni kisu cha daktari wa Thika, leo hii.

Tulimbeba kwa blanketi, Gathogo akiwa nasi, hadi lango la kijiji. Lilikuwa limefungwa. Risasi zilikuwa zimesikika upande wa mto, na amri ilikuwa mtu asitoke.

Homugadi wa zamu alikuwa Njuguna, tuliyebatizwa naye pamoja. Alisema wanawake wanaojifanya wagonjwa ndio wanaopeleka chakula msituni.

“Njuguna, unamjua Nyokabi,” nikamwambia.

“Namjua. Lakini nikifungua, nitapigwa risasi mimi.”

Tukakaa chini, juani.

Alasiri Nyokabi akatulia. Akasema maumivu yameisha, akaomba uji. Mama akamshukuru Mungu. Njuguna alitutazama kama watu walionaswa wakidanganya.

Gathogo aligusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao.

“Kimepasuka,” akasema.

Ofisa wa serikali aliyesimamia kijiji alikuja jua likishuka, akamtazama mara moja tu, akatupatia lori lake. Thika walimpasua, lakini usaha ulikuwa umeenea kote. Alikufa kabla ya Jumapili.

Njuguna alikuja kuchimba kaburi. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemfukuza. Nimejaribu kumchukia, na siku nyingine naweza. Siku nyingine nakumbuka alivyoniambia kwamba angepigwa risasi yeye.

Wajukuu huniambia watu hufa kwa kidole tumbo hata wakati wa amani. Ni kweli. Lakini Thika haikuwa mbali.