Komenti ya Mzee Mhina

Jamani, leo neno moja la Kiingereza limeniaibisha mbele ya kijiji kizima.

Tulikuwa kwenye mkutano wa kisima, hapa Kabuku. Ofisa kijana wa kutoka wilayani alituonyesha kitakapochimbwa, kando ya barabara kuu, kisha akauliza, "Kuna mwenye komenti?"

Jirani yangu Mzee Mhina akasimama. "Huko ni mbali. Akina mama wa kule juu watatembea saa nzima."

Ofisa akatabasamu. "Mzee, hayo ni malalamiko. Komenti ni kama kushukuru."

Nilidhani mzee atakaa. Hakukaa.

"Wakati wa ujamaa, siku tunahamishwa, ofisa mwingine alituuliza hivyohivyo. Nikamwuliza maana yake, akasema ni kushukuru. Nikashukuru. Nikaiacha mikorosho yangu ndiyo kwanza inazaa."

Mwenyekiti akanigeukia, maana mimi ndiye mwandishi wa mkutano, na shuleni nafundisha Kiingereza (ndiyo, Kiingereza). "Mwalimu, komenti ni nini?"

"Ni maoni. Kusifu, kulaumu, kupinga, yote yamo."

"Basi nisomee yangu ulivyoiandika," akasema mzee.

Nikafungua daftari.

Nilikuwa nimeandika: "Hakuna komenti."

Maana ya neno naijua vizuri. Niliandika vile kwa sababu tu ofisa kasema hayo ni malalamiko, si komenti.

Nimekata ule mstari mbele ya wote, nikaandika maneno ya mzee yote. Ofisa amekataa kusaini muhtasari, mkutano unarudiwa Ijumaa.

Semeni ukweli, ninyi mngeandika nini?