Mbwa Wangu Uwanjani Gombani

Sijasamehe, na sina haraka ya kusamehe.

Wazungu walikuwa bado wanatutawala walipoandaa maonyesho ya mbwa wao katika uwanja wa Gombani. Mimi nilikuwa msasi kule Wawi. Mbwa wangu kazi yake kuwinda nguruwe mwitu wanaokula muhogo wa watu. Jirani yangu mmoja, karani serikalini, akanisihi nimpeleke mbwa wangu naye akashindanishwe. Nikamwamini.

Nilikuta mbwa wa kila namna: wenye masikio yanayoburuzika chini, wenye mgongo mrefu na vijiguu vya kitoto, wenye manyoya yaliyochanwa kuliko nywele za bibi harusi. Mwamuzi, mama mmoja wa Kizungu, aliwapapasa mmoja mmoja, akakagua meno, kifua, unyoofu wa mgongo na namna mkia unavyosimama. Kwa wangu alitazama sikio lililoraruliwa na nguruwe, akatabasamu, akapita. Huyo sina ugomvi naye.

Karani ndiye aliyepaza sauti, uwanja mzima usikie: "Yakhe, huyo si mbwa, kaungwa kwa mabaki! Kichwa cha komba, miguu ya kitanda kibovu!"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hapo ndipo nilipofahamu nimeitiwa nini. Nikamvuta mbwa wangu kwa kamba, nikarudi Wawi kwa miguu, nimevimba kwa hasira.

Masika yalipokwisha, nguruwe waliingia konde la mama yake karani. Muhogo ule bi mkubwa aliulima kwa mikono yake, na ndio chakula chao cha mwaka. Karani akanijia baada ya alasiri, baraza yangu imejaa watu.

"Yakhe, nguruwe wamo kondeni kwa mama. Nakuomba wewe na mbwa wako."

"Kwanza waeleze hawa umbo lake," nikamwambia. "Kama siku ile Gombani."

Akasifu kifua kipana chenye pumzi, akasifu miguu iliyopinda kidogo isiyoteleza topeni, akasifu hata lile sikio. Jasho lilimtiririka. Nilifurahi, wallahi, kuliko siku ya harusi yangu.

Alipomaliza nikamjibu, "Umesema kweli tupu. Ila mbwa wangu leo kapumzika. Kamwombe yule aliyepata zawadi Gombani."

Asubuhi nilipita kondeni makusudi, nikajionee. Halikusalia shina. Bi mkubwa alikuwa ameinama, anaokota vipande vya muhogo vilivyotafunwa na kuvitia kapuni.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa mbwa wako mgonjwa, ndo maana hukuja. Hajambo leo?"

Nikasema hajambo.

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kuokota.

Karani alikuwa amenisitiri kwa mama yake, na hilo nalo sijamsamehe.