Mpira wa Serizawa

Kaka yangu Haruyoshi alidaka mpira wa besiboli kwa mshahara miaka ishirini na miwili. Ukimuuliza alichokipata, atakuonyesha kidole gumba cha kulia kilichopinda kama tangawizi. Wateja wa duka langu la tambi hapa Himeji hutaka awasimulie habari za viwanjani. Yeye huwajibu, "Nilichuchumaa. Nilipochoka, nikasimama." Kisha hurudi jikoni kuosha mabakuli.

Alisajiliwa mwaka 1952, akiwa na miaka kumi na minane. Kwa miaka sita alicheza mechi arobaini na moja tu, maana kudaka alijua lakini gongo la kupigia mpira lilimkataa kabisa. Timu ikamfuta kwenye orodha ya wachezaji, ikamwajiri awe mdakaji wa mazoezi. Akawa anachuchumaa pembeni ya uwanja, warushaji wanapasha moto mikono kwake, mechi ikianza wao wanaingia na yeye anabaki hukohuko. Mipira mia tatu kwa siku, miaka kumi na sita. Mimi ningeona aibu. Yeye alisema kazi ni kazi.

Na ilikuwa na ufundi wake. Mpira ukiudakia pale katikati ya glavu hulia paa!, na mrushaji akiusikia mlio ule hujiona simba. Basi Haruyoshi alihakikisha kila mpira unalia, hata ule wa hovyo, kisha akapaza sauti, "Mpira mzuri!" Kwetu mdakaji huitwa mke wa mrushaji, kwa hiyo walimtania, "Mke wetu leo mbona umetununia?" Naye hujibu, "Wewe rusha, mume wangu, watoto wana njaa."

Ukweli alikuwa akiujua kwa shina la kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, pale mpira unapogonga ndani ya glavu. Mpira wenye uhai, kama warushaji wanavyouita, humchoma. Mpira uliokufa hulia vizuri lakini hauumi. Hakumwambia mtu, na hakuna aliyemuuliza.

Wa kwanza kumuuliza alikuwa mrushaji mmoja, Serizawa. Alikuwa na miaka thelathini na minne, bega limepasuliwa, na kocha mkuu alikuwa amemwachia aamue mwenyewe kabla ya mwisho wa Februari: abaki ajaribu mwaka mmoja zaidi, au aage kwa heshima. Wenzake walikuwa bado wanarusharusha taratibu tu, ndiyo kwanza kambi ya mazoezi imefunguliwa. Serizawa alimpeleka kaka yangu pembeni, akamrushia mipira arobaini kwa nguvu zake zote. Kisha akaja mpaka pale alipochuchumaa.

"Kaka Haruyoshi, leo usinisifu. Mpira wangu uko hai au umekufa?"

Haruyoshi alikuwa hajasikia maumivu hata mara moja. Akamwambia, "Umekufa."

Serizawa alivua kofia, akainama, akamshukuru. Kesho yake akaaga.

Wiki mbili baadaye kaka alikuja kwangu kwa mapumziko ya siku moja. Nilikuwa nakata vitunguu. Yeye akashika kifuniko cha sufuria ya mchuzi kwa mkono wa kushoto, akakiinua, akabaki amekishikilia huku akichungulia ndani. Nikasikia harufu ya ngozi.

"We Haruyoshi! Unaungua!"

Akakiweka chini polepole. Kidole cha shahada kilikuwa kimebabuka, chekundu, naye anakitazama kama cha mtu mwingine.

"Sumie," akasema, "sisikii kitu."

Nikakimbilia maji baridi. Mawazo yake yalikuwa yameshafika mbali. "Labda mpira haukufa," akasema. "Labda ni hiki." Hakulia. Hakula pia. Mwisho wa mwezi aliacha kazi, na timu ikamwandalia chakula cha kumuaga.

Alitaka kumwambia Serizawa; mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Serizawa alikuwa ameshapata kazi kiwandani, anajenga, mkewe mjamzito. Nikasema funika kombe mwanaharamu apite. Haruyoshi akafunika. Kila Desemba Serizawa alituletea kwa posta samaki wa chumvi, mzima, na kadi: *Kwa mtu pekee aliyeniambia ukweli.* Kaka hakumgusa samaki yule hata mwaka mmoja. Mimi nilimla. Sikuona sababu ya kumtupa.

Ikapita miaka kumi na mmoja namna hiyo. Kama Haruyoshi aliumia, mimi sikuona. Alikuwa anaosha mabakuli, analala, anaamka. Mwaka huu Serizawa amekuja mwenyewe, mchana, duka halina mtu. Amenenepa. Siku hizi ni kocha wa timu ya kiwanda chao. Nikampa tambi, kaka akakaa mbele yake na taulo begani, mimi pembeni yao.

"Nina mrushaji mmoja, Kaka," Serizawa akasema. "Mkono wake umechoka, ila mimi nashindwa kumwambia. Njoo umdake siku moja tu. Umwambie kama ulivyoniambia mimi."

"Siwezi."

"Acha hizo. Magoti? Tutakuwekea kiti, bibi harusi."

Haruyoshi hakucheka. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akauondoa mguu wake.

"Siku ile kidole changu kilikuwa kimeshakufa," akasema. "Sikujua. Nilijua baadaye, nilipoungua."

Serizawa aliweka vijiti juu ya bakuli. Nje gari la kuuza mafuta ya taa lilipita likipiga wimbo wake wa kuita wateja, mpaka wimbo ukaishia mbali.

"Kwa hiyo mpira wangu ulikuwaje?"

"Sijui."

"Ungekisia."

"Sijui, Serizawa. Mpira ulilia vizuri. Lakini huo mlio niliutengeneza mimi."

Nilidhani atampiga. Ningeelewa. Badala yake alifuta midomo, akakunja kitambaa cha karatasi mara nne.

"Miaka kumi na mmoja nimelala vizuri," akasema. "Kila nilipoona mechi kwenye televisheni nilijiambia, nilimaliza changu, sikubakiza kitu. Sasa nitajiambia nini?"

Serizawa alisimama, akanigeukia mimi.

"Dada Sumie, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka ule ule. Mimi ndiye niliyemkataza kukuambia."

Alivaa viatu mlangoni, akifunga kamba bila haraka. Kisha akageuka akatuinamia, chini kabisa, kama mtu anavyowainamia watu asiowafahamu.