Mashimo Kwenye Ukoka wa Mama

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi Kambarage mjini Shinyanga, mashimo yalipoanza kuonekana kwenye ukoka ambao mama aliupanda mbele ya nyumba. Yalikuwa madogo, kama ya kupandia mahindi, na kila siku yaliongezeka. Wiki mbili kabla tulikuwa tumemzika mdogo wangu Masanja, mtoto wa miezi saba, aliyechukuliwa na homa ya siku tatu. Bila msiba ule, nadhani baba angeyafukia tu na maisha yangeendelea.

Lakini kwetu watu husema, ukikuta ardhi ya uani imefukuliwa na humjui aliyefukua, kuna mtu amezika dawa, na dawa hiyo haitosheki na mtoto mmoja. Shangazi, aliyekuja msibani kutoka Masumbwe, aliyatazama mashimo, kisha akamtazama Bibi Nyamizi aliyekuwa akianika mlenda ng'ambo ya ua wa minyaa.

"Kaka," alimuuliza baba, "macho ya huyu mzee yalianza lini kuwa mekundu?"

Bibi Nyamizi alikuwa jirani yetu, mjane. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote, si kwa uchawi. Ndiye aliyemwogesha Masanja siku alipoletwa nyumbani kutoka hospitali alikozaliwa. Mimi aliniita mayu, yaani mama, kama wazee wa Kisukuma wanavyowaita wasichana wadogo wanaowapenda.

Siku moja sikwenda shule kwa sababu ya mafua. Baba alipokwisha kuondoka, nikawaona kupitia dirisha: nguchiro, kundi zima, wakipenya chini ya minyaa. Walinusa nyasi, wakakwangua kwa kucha, wakachomoa funza weupe kwenye mizizi na kuwatafuna. Wakimaliza shimo moja wanahamia jingine. Moyo wangu ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu tumzike Masanja. Baba aliporudi kula mchana, nilimkimbilia njiani.

"Baba, ni nguchiro. Nimewaona mwenyewe, wanatafuta funza."

"Nguchiro ndio waliomuua mdogo wako?"

"Hapana, baba. Ila mashimo..."

"Basi nyamaza."

Saa kumi jioni baba, shangazi na majirani kadhaa walisimama mlangoni kwa Bibi Nyamizi. Hakuna aliyempiga. Walimwambia tu ahame kabla ya Jumapili. Hakubishana nao sana. Alisema, "Waulizeni watoto. Wao ndio wanaoshinda hapa." Kisha akaniona nyuma ya mama. "Mayu, wewe hujaona kitu?"

Mkono wa mama ulinibana bega. Niliangalia chini.

Alihamia kwa mwanawe, huko Katoro. Mashimo yaliendelea. Asubuhi moja ya Jumapili baba mwenyewe aliwakuta nguchiro uani, akasimama na kikombe chake cha chai mpaka walipoondoka. Kisha aliingia ndani. Si yeye wala mama aliyewahi kwenda Katoro.

Nilikwenda mimi, nilipokuwa mtu mzima. Mwanawe alinikaribisha vizuri. Alinieleza kwamba mama yake hakumaliza mwaka wa pili pale. "Kila sikukuu alitandika mkeka," alisema, "akidhani wale watoto wa Kambarage watakuja kumsalimia." Nilishindwa kumweleza nilichokwenda kumweleza. Nililia, naye akadhani nalilia kifo.

Baba sijamchukia. Nina watoto sasa, na najua kwamba aliyezika mtoto hutafuta mtu wa kumlaumu. Homa haina mlango wa kugonga. Mume wangu huniambia, "Ulikuwa mtoto." Ni kweli. Lakini miongoni mwa wote waliosimama pale, mtoto yule ndiye peke yake aliyewaona wale wanyama. Na aliulizwa, kwa upole, mbele ya watu.