Nilivyokwenda Guangzhou Kumuuliza Faraji Geti Liko Wapi

Nilikwenda China kwa sababu ya neno moja: ulinzi. Mimi ni mlinzi. Nimelinda maghala ya Kariakoo tangu ndevu hazijanikaa vizuri, na silisemi kwa aibu. Darasa la saba nilimaliza, la nane sikuliona. Miaka michache iliyopita Faraji Mkumba, namtaja kwa jina lake na la baba yake, alinikuta getini akaniambia kuna kazi ya ulinzi Ulaya. Nikanunua tochi mpya. Naam, tochi! Nilidhani nakwenda kukaa mlangoni kwa Mzungu na filimbi shingoni. Kumbe ulinzi wa kwenye karatasi ile ulikuwa ule wa redioni, wa wizara, wa mizinga na ndege. Nikapewa bunduki na koleo, nikashushwa handakini kwenye vita ambavyo hata majina ya vijiji vyake sikuweza kuyatamka. Nimerudi na vidole vinane. Pius wa Musoma, mwenzangu wa zamu, hakurudi.

Mwezi uliopita, kabla sijanywa chai, dada yangu Mwanaidi akaja kwangu anahema. Mumewe Hamisi yuko Guangzhou, anawafungia wafanyabiashara mizigo, na kazi imelegea.

"Kaka, shemeji yako kapata kazi. Ulinzi, Ulaya."

"Anapelekwa na nani?"

"Bwana mmoja Faraji. Wanasaini baada ya wiki tatu, Alhamisi."

Nikampigia Hamisi. Akacheka. "Shemeji, wewe ulikwenda vibaya. Sisi tunakwenda kwa mkataba." Kama vile mimi nilikwenda kwa bahati nasibu! Nikaona simu haitoshi. Mama Zuhura, mwenye ghala ninalolinda, alikuwa anasafiri kwenda kununua vitambaa. Nilipomweleza hakuuliza mara mbili. "Tafuta viza, funga begi," akasema. "Mimi nataka mtu wa kunishikia mzigo, wewe unataka mtu wa kukusemea Kichina."

Jumatatu asubuhi ya wiki ile ya kusaini, tulitua Guangzhou. Uwanjani pale kuna mashine ya alama za vidole, inataka vinne vya kushoto kwa pamoja. Nikaweka viwili nilivyobaki navyo. Mashine ikalia. Nikaweka tena, ikalia tena, foleni nyuma yangu inaguna. Askari akaja, akaushika mkono wangu, akaugeuza taratibu kama fundi saa. Mama Zuhura akaninong'oneza, "Sema ulikatwa na mashine ya mbao."

"Sikukatwa na mbao mimi." Nikamtazama yule askari, nikapiga risasi ya hewani kwa kidole. Akanielewa. Akabonyeza kitu, nikapita kichwa juu.

Jumanne tukaenda Zhongda, mtaa wa vitambaa. Mtu asiyefika hapo hajaona kitambaa. Marobota yanapita kwenye pikipiki za umeme, yanapita mabegani, ukizubaa unafagiliwa. Mama Zuhura alikuwa anatafuta kitambaa cha bluu iliyoiva cha kutushonea sare sisi walinzi wake. Nasema kwa fahari, hakuna ghala Kariakoo ambalo mwenyewe amewavukia bahari walinzi wake kutafuta sare. Akawa anavutana na mwenye duka, mama mnene mcheshi: "Laoban, ghali mno!" Laoban maana yake bosi, na kila muuzaji kule ni bosi.

Mimi macho yalikuwa yameganda rafuni. Mabaka, ya kijeshi. Jora mbili zimelala ubavu kwa ubavu. Moja ilikuwa ya sare yangu mimi. Ya pili ilikuwa ya wale tuliokuwa tunapigana nao. Nilizijua zote, moja niliivaa, nyingine niliilenga.

"Muulize zinakwenda wapi," nikamwambia Mama Zuhura.

"Ouzhou," akajibu yule bosi kwa tabasamu. Ulaya. Zote mbili.

"Mbona umekunja ngumi?" Mama Zuhura akaniuliza.

"Hasira, mama. Pius kafa kwa tofauti ya rangi ya jora."

Alhamisi mchana, mtaa wa Xiaobei wanakojaa Waafrika, kwenye mgahawa wa pilau wa Mzanzibari mmoja alioutaja Mwanaidi, ndipo nilipomkuta. Faraji kanenepa. Mbele yake wanaume wanne, Hamisi mmojawapo, na karatasi zimetandazwa katikati ya sahani.

"Lo! Kaka yangu!" Faraji akainuka. "Jamani, huyu ndiye shujaa mwenyewe, muulizeni."

"Endelea tu," nikamwambia. Nikavuta kiti.

Akaendelea, mdomo mtamu. Kwamba mataifa ya Ulaya yamefungamana, akiguswa mmoja wameguswa wote. Kwamba yananunua silaha mpya, yanahitaji watu, na atakayesaini atakuwa ndani ya kinga hiyo.

"Faraji," nikasema, "mimi nilipoguswa, aliguswa nani?"

"Kaka, usikasirike, haya mambo yanataka elimu."

"Kweli, sina. Basi nikuulize ya mlinzi. Geti liko wapi?"

"Geti gani tena?"

"La kulinda. Mlinzi haajiriwi bila kuonyeshwa geti." Wale wanaume wakacheka. "Zamu ni saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Itategemea hali."

"Na anakupokea nani?"

Hapo akajifanya anasoma karatasi. Kila aliyewahi kulinda hata banda la kuku anajua, mlinzi haondoki mpaka afike wa kumpokea. Nikawageukia wale wanne. Nikawaambia mimi na Pius tulilishika handaki letu siku tisa, kwa sababu sisi ni walinzi, hatuachi lindo. Siku ya tisa Pius aliinuka kuchungulia kama anayetupokea anakuja. Ndipo alipopigwa. Hakuna aliyekuwa anakuja. Hakupangwa mtu.

Hamisi akaifunika kalamu. "Bwana Faraji, mjibu shemeji. Ananipokea nani?"

"Wanaotaka maisha ni wengi," Faraji akasema, akikusanya karatasi.

"Hebu geuka huku," Mama Zuhura akamwita kutoka mlangoni, simu mkononi. "Huku, baba, uso wote! Kariakoo wamekukumbuka sana." Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Faraji akatoka na pilau yake haijaguswa. Mmoja wa wale wanne akamfuata. Jina lake sikulipata, na hilo linanikaa kooni mpaka leo.

Jumapili tuliruka kurudi Dar, Hamisi kwenye kiti cha pembeni yangu. Juu ya mawingu akaniuliza, "Kwa Mama Zuhura kuna nafasi?"

"Ipo. Kuna geti, na zamu ina mwisho."

Nilichojifunza ni hiki: swali ambalo sikumuuliza Faraji siku ile ya tochi nilikuwa nalo mwenyewe, kazini kwangu, kila siku. Niliona haya kumuuliza mtu wa habari za Ulaya swali la Kariakoo. Sioni haya tena.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nilifika ghalani na sare yangu mpya ya bluu. Hamisi alikuwa amesimama wima, tochi yangu ile mkononi.

"Nani?" akauliza, na ananiona.

"Anayekupokea," nikamwambia. Akanipa tochi, akaenda nyumbani kwa mkewe.