Mama na Kichupa cha Pepopunda

Soko huria lilipofika Morogoro, mimi na mama tulikuwa tukishuka mjini na kabichi zetu na kurudi milimani na vitu vya dukani ambavyo hatukuviamini hata kidogo. Mara mbili tulishauziwa maziwa ya kopo yaliyopitwa na wakati. Tangu hapo mama, ambaye hakujua kusoma, hakununua kitu bila kunipa nikigeuze na kumsomea tarehe. Mwenye duka akisonya, shauri yake.

Kwa hiyo nilipopata mimba ya kwanza na kliniki wakasema nichomwe sindano ya pepopunda, mama alisema tunakwenda wote. Kijijini ilishavuma kwamba sindano ile inafunga kizazi. Mbona wanachomwa wanawake tu? Na mbona ni ya bure, wakati kila kitu kimeanza kuuzwa? Mimi niliamini, siwezi kujifanya sikuamini. Nilikuwa binti pekee wa mama, na kwetu Waluguru ukoo hupita kwa mama. Nikifungwa kizazi, sisi tumekwisha.

Nesi alikuwa binti mdogo tu. "Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba. Lete hicho kichupa, mwanangu asome."

Akacheka, kisha akaona sisi hatucheki. Nilisoma tarehe, ilikuwa bado. Nikakuta neno aluminiamu, hasira zikanipanda.

"Hii si ya sufuria? Mnatuchoma sufuria?"

"Ni chumvi yake dada, chembe tu, inausaidia mwili uishtukie dawa. Dawa yenyewe ni sumu ya mdudu wa pepopunda iliyoondolewa makali, mwili ujifunze kupambana nayo. Mkono utauma na kuvimba kidogo, pengine upate homa siku moja au mbili. Usiukande, usipake kitu. Na kama uliwahi kuchomwa ukazidiwa, niambie sasa, nisikuchome."

Homa tena! Muuza maziwa hakuwahi kunitajia ubaya wa kopo lake. Huyu mbona anautaja mwenyewe? Nilimtazama mama, tuondoke. Yeye alikuwa anamtazama nesi.

"Na mtoto asipokingwa anakuwaje?"

"Anazaliwa mzima, mama. Ananyonya siku mbili tatu, halafu mdomo unakaza, hanyonyi tena. Ukimgusa tu, anakakamaa. Mdudu anapitia kitovuni, kwa wembe mchafu au vile vitu wanavyopaka."

Kabla yangu mama alizaa watoto wawili, wote wakafa wachanga, na kijiji kizima kilijua kwamba waliuawa na mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja. Mimi nilizaliwa misheni, mbali naye, ndiyo maana eti nikapona. Sikuwahi kula nyumbani kwake. Nilikuwa namwogopa kuliko nyoka.

"Mchome," mama akasema.

Tulipopanda mlima nilianza kulalamika mkono unauma. Penye kona ya kwanza mama alitua kikapu chake, akakaa chini.

"Wale wawili walikakamaa hivyo hivyo," akasema. "Nikamwita mdogo wangu mchawi, kwa sababu yeye ndiye aliyewapaka majivu kitovuni."

"Nani alimwambia awapake?"

"Mimi."